Kaseti Zilizoitwa Chafu

Asubuhi ya kwanza ya kazi yangu, mkubwa wangu alitaka baba anyamaze katika shamba lake mwenyewe.

Ilikuwa miaka michache baada ya zile mvua za El Niño, nyumbani kwetu Mwala, na mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zimeanza juzi tu. Udongo ulikuwa umelowa baada ya miezi ya vumbi, na kila mwenye plau na ng'ombe alikuwa shambani kabla jua halijachomoza. Baba alikuwa amewafunga nira maksai wake wawili. Aliwaendesha kwa mluzi na kwa kelele. Akipiga mluzi mrefu walikwenda, na akiwaita kwa majina yao waligeuka kwenye tuta. Mama alimfuata nyuma, akidondosha mahindi na kunde kwenye mfereji wa plau na kuufukia kwa mguu. Mimi nilikuwa kando ya ua wa minyaa nimeshika kipaza sauti, nimevaa vipokea sauti masikioni, na pembeni yangu alisimama mkuu wa mradi, daktari wa elimu ya ndege aliyekuja na gari kutoka Nairobi.

"Mwambie huyo mzee anyamaze," akaniambia. "Ananiharibia kaseti."

"Huyo mzee ni baba yangu."

"Basi ni rahisi zaidi. Mwambie."

Nilienda. Nilikanyaga mfereji mbichi na viatu vya mjini nikamwambia baba kwa Kikamba kwamba daktari anaomba wasimame kidogo, amalize kunasa sauti za ndege. Baba alikuwa mtu mpole, mzee wa kanisa, asiyepandisha sauti isipokuwa kwa ng'ombe. Alivua kofia akamwendea mgeni mwenyewe.

"Sasa daktari," akamwambia, "hii ng'ombe inalima wakati kuko na baridi. Jua ikitoka inalala chini. Nikingojea wewe umalize, nitapanda saa ngapi?"

"Mzee, hii kazi ni kwa faida yenu," daktari akasema, huku macho yake yakiwa kwenye rekoda.

Basi wazazi wangu wakaketi juu ya tuta, na maksai wakasimama na nira shingoni wakicheua. Daktari alinasa sauti, akahama akanasa tena upande wa pili, kisha akataka kurudia kwa sababu mama alikuwa amekohoa. Aliporidhika, jua lilikuwa limeshapanda na yule maksai mwekundu alikuwa amekwisha kulala kwenye mfereji. Hawakulima tena siku ile. Kesho yake tulienda kwa jirani, na kesho kutwa kwa jirani mwingine, na kote huko mimi ndiye niliyetumwa kuwaambia watu walionilea wasiseme kitu kwao, katika wiki ambayo kwetu sisi mwaka mzima huitegemea.

Nitaeleza nilivyofika hapo. Nilikuwa nimehitimu chuo kikuu, nimesomea elimu ya wanyama, kisha nikatarmac, nikizunguka kutafuta kazi, mpaka mama akaacha kuwaambia watu kanisani nilichosomea. Nilifanya kazi kwa muda kwenye kiwanda cha nguo kule EPZ, Athi River, nikikata nyuzi zilizoning'inia kwenye suruali za jinzi zinazopelekwa ng'ambo. Hapo ndipo nilipopata habari za mradi uliomtafuta mtu anayewajua ndege na anayekijua Kikamba. Nilifurahi hata nikalia.

Na kusudi la mradi lilikuwa zuri, ndiyo maana linaniuma mpaka leo. Walitaka kujua ni ndege gani wanaoishi katika mashamba ya watu, na wanavyobadilika misimu ikibadilika na kilimo kikibadilika. Watu wengi wa vitabu walikuwa wakihesabu ndege wa misituni na wa mbugani, kana kwamba ndege akivuka ua akaingia kwenye mbaazi za mtu anakoma kuwa ndege. Kutumia sauti pia lilikuwa wazo la busara. Ndege wa mashambani hujificha. Anakaa ndani ya minyaa au chini ya katani, na ukimsogelea uone rangi yake amekwenda. Lakini asubuhi lazima aimbe. Ukiweka kipaza sauti mahali na kuondoka, atasema mwenyewe yupo. Kisha kaseti unaisikiliza ukiwa umetulia, unairudisha nyuma, unaisikiliza tena, na mwenzako akikuona umekosea anaweza kuisikia kwa masikio yake na kukusahihisha.

Ofisi yetu ilikuwa mjini Machakos, ghorofani, juu ya duka la misumari na mabati. Nilikaa pale siku nzima na vipokea sauti masikioni, nikiorodhesha niliowasikia. Nilikulia kwenye zile sauti bila kuzisikiliza. Sasa nilizisikia. Kulikuwa na kwale akikoroma juu ya matuta kama msumeno butu. Kulikuwa na tetere, na kigogota kwenye mgunga, na kelele za kwera wakigombania matawi ya kujengea. Dudumizi, yule ndege ambaye kwetu watu humsikia wakaanza kutengeneza majembe kwa kuwa analeta mvua, alikuwa akitoa sauti yake ya maji yanayomiminwa kutoka kwenye kibuyu, na nilipomsikia mara ya kwanza masikioni mwangu, ndani ya ile ofisi yenye joto la mabati, nywele zilinisimama.

Jambo lenyewe lilianzia hapo. Daktari alikuwa haji kila siku. Asipokuwapo nilienda mashambani peke yangu, na peke yangu sikumnyamazisha mtu. Sikuweza tena. Nilitega kipaza sauti, nikawaacha watu walime. Nilinasa baba na maksai wake, na redio ya jirani. Nilinasa kina mama wa mwethya, kile kikundi cha kusaidiana kazi, wakichimba matuta ya fanya juu, yale ya kuzuia udongo usichukuliwe na maji, huku wakiimba, majembe yakishuka pamoja. Siku moja alipita mfanyabiashara wa mbuzi, Msomali wa mjini aliyekuwa akinunua mifugo kwetu tangu nikiwa shule ya msingi, na kundi zima likapita mbele ya kipaza sauti na kengele zake.

"Wewe mama, unafanya nini hapo?" akaniuliza.

"Nanasa ndege, mzee. Sauti yao."

"Na mbuzi zangu umenasa pia, utanirudishia lini?" akacheka, akapita.

Nilipozisikiliza zile kaseti nilishtuka. Zilikuwa na aina nyingi za ndege kuliko zile za kimya. Nilidhani nimekosea, nikarudia, nikarudia tena. Ndipo nikaelewa jambo ambalo ningelijua mapema kama ningeinua macho: plau ikipita inafukua minyoo na viwavi, na ndege wanaifuata. Yangeyange hutua nyuma ya ng'ombe, kwezi huja na makelele yao, na wadogo wengine hushuka kutoka kwenye ua. Tulipomsimamisha baba, tulikuwa tumewasimamisha na wao. Daktari alikuwa akilifanya shamba lisiwe shamba, kisha analiuliza mbona halina ndege.

Nilimpelekea habari hiyo nikiwa na furaha, nikidhani atanisifu. Alisikiliza kaseti moja mpaka mluzi wa baba uliposikika, akabonyeza kitufe cha kusimamisha.

"Hii ni chafu."

"Lakini daktari, ukisikiliza nyuma ya mluzi kuna—"

"Ina watu. Ina redio. Hii nyingine ina mbuzi. Siwezi kupeleka kitu kama hiki mbele ya wataalamu wenzangu. Kaseti yoyote yenye mtu, weka kwa hiyo katoni."

Nikauliza, na bado nalijivunia swali lile, "Ni shamba gani Ukambani ambalo asubuhi halina mtu?"

"Wewe ni msaidizi," akasema. "Saidia."

Katoni ikajaa. Kutoka mlimani, kule kwenye msitu wa serikali ambako hakuna anayeruhusiwa kulima na ambako daktari alinasa pia ili kulinganisha, kaseti zilikuja safi, na zote zilihesabiwa. Kutoka mashambani zilibaki chache, nazo ni zile tulizozipata kwa kuwaketisha watu juu ya matuta. Hesabu ikafanywa hivyo. Upande mmoja kaseti tele, upande mwingine mabaki. Nilimwambia kwamba ukisikiliza mahali pamoja mara nyingi na pengine mara chache, lazima utasikia wengi pale uliposikiliza zaidi. Akasema kuna njia za kitaalamu za kurekebisha hilo. Sikuziona zikitumika.

Mkutano wa kutangaza matokeo ulifanyika katika ukumbi wa hoteli moja mjini Machakos. Waliitwa bwana DO, mkuu wa tarafa yetu, na maafisa wa kilimo, na wakulima waliotoa mashamba yao waliitwa pia, wakawekewa viti vya nyuma karibu na mlango wa jikoni. Baba alikuja na koti lake la kanisani. Mama alikuja na wenzake wa mwethya. Yule mfanyabiashara wa mbuzi alikuja bila kualikwa, kwa sababu alisikia patazungumzwa mambo ya malisho, akaegemea ukuta.

Asubuhi ile kabla ya kikao nilimfuata daktari kwenye meza ya chai nikiwa na kaseti moja mkononi, ile ya baba akilima, nikamwomba aisikilize mara moja tu, mpaka mwisho. Alinitazama kama anayemtazama mhudumu aliyeleta chai ambayo hakuagiza. Nikaitia kaseti kwenye mkoba.

Alionyesha michoro yake ukutani. Mlima ulikuwa na mnara mrefu, mashamba yalikuwa na kisiki. "Kwa upande wa ndege," akasema kwa utulivu kabisa, "haya mashamba tunaweza kusema yamekufa." Kisha akatoa mapendekezo. Ukanda wote chini ya mlima, pamoja na kingo za mto wetu wa msimu, uzungushiwe ua, usilimwe na usiingizwe mbuzi, ili ndege warudi. Ukanda ule ndio wenye bwawa la mchanga ambalo kina mama walilijenga kwa mikono yao, na ambamo vijiji vinavyozunguka hufukua mchanga na kuchota maji kiangazi.

Watu wa nyuma walianza kunong'ona. Mfanyabiashara wa mbuzi aliuliza kwa sauti njia ya mifugo itapita wapi, akaambiwa maswali ni mwishoni. Mama aligeuka akanitafuta kwa macho. Hakuwa amenikasirikia. Alitaka tu nimweleze kama amesikia vizuri, kwamba binti yake alikuwa akija na ile mashine shambani kumbe ni kwa ajili ya hili.

Nilisimama. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Bwana DO, naomba hii kaseti isikike."

Daktari akasema huo si wakati wake. DO, mtu mnene aliyekuwa amesinzia kidogo, akafungua macho akasema, "Wacha isikike. Si ni ndege tumekuja kusikia?"

Niliiweka rekoda mbele ya kipaza sauti cha ukumbi. Kwanza ulitoka mluzi wa baba, kisha jina la maksai mwekundu kwa kelele, na watu wa nyuma wakaangua kicheko. Baba akainamisha kichwa kwa haya, lakini alikuwa anatabasamu. Kisha kicheko kikaisha, na chini ya mluzi, chini ya minyororo ya plau, wakaanza kusikika. Nikawataja mmoja mmoja kadiri walivyoingia. Yule ni kwezi. Huyo mbali ni kwale. Sasa kigogota. Huyo hapo ni chozi, yuko kwenye maua ya mgomba. Dudumizi alipoanza kumimina, mama mmoja wa mwethya akasema "Ĩĩ!" kama mtu aliyeitwa jina lake. Sikufika mwisho wa kaseti kwa sababu pumzi iliniishia.

DO akamgeukia daktari. "Hii kaseti uliihesabu?"

"Hapana, mheshimiwa. Ni chafu."

"Uchafu wake ni gani?"

"Ina watu."

"Sasa daktari," akasema, "shamba iko na watu."

Akaamuru kazi ya mashambani irudiwe, na kwamba hakuna ua utakaowekwa tarafani kwake kwa matokeo yale. Nyuma walipiga makofi. Nilidhani tumeshinda. Daktari alipanda jukwaani taratibu, akaitoa kaseti ndani ya rekoda, akaitia mfuko wa koti lake, akashuka. Wiki iliyofuata niliambiwa kwamba mkataba wangu hautaendelea, na sababu waliyotoa ni bajeti.

Kazi haikurudiwa. Ripoti ilichapishwa na michoro ileile, mnara na kisiki. Nilipata nakala kwa mtu tuliyesoma naye. Pale mbele, kwenye shukrani, mradi uliwashukuru wakazi wa kijiji chetu "kwa utulivu wao". Nilisoma maneno hayo nikiwa nimesimama kwenye kituo cha magari Machakos, na nikaitupa ile ripoti kwenye pipa la taka, kisha nikarudi nikaiokota, kwa sababu nilitaka kuwa na ushahidi. Wale watu hawakuwa watulivu. Walinyamazishwa, na walionyamazishwa walipoteza asubuhi za kupandia, na hakuna aliyewahi kurudi hata kuwaambia ni ndege gani waliosikika kwao. Mahindi ya baba mwaka ule yalichelewa, mvua ikakatika yakiwa yanatoa ndevu. Sisemi ni kosa la mradi kwamba mvua ilikatika. Nasema ya jirani wa ng'ambo, ambaye shamba lake halikuchaguliwa, yalikomaa.

Baba alifariki mwaka wa pili baada ya hapo. Aliumwa kifua muda mfupi akatuacha. Wakati wa matanga ndugu zangu walikuwa wakitafuta picha zake, na tulikuwa nazo chache, nyingi amesimama kama askari. Ndipo nikakumbuka kwamba sauti yake ipo. Si sauti ya kujipanga kama kwenye picha, ni sauti yake ya kazi, ile aliyokuwa nayo alipokuwa na furaha zaidi.

Nilipanda mpaka ile ofisi juu ya duka la mabati. Daktari hakuwapo, alikuwapo karani, mama mkarimu aliyenijua. Alitafuta kwenye kabati akanipatia kaseti yangu. Niliitambua kwa mwandiko wangu kwenye karatasi ya ubavuni: jina la kijiji chetu na neno "kulima". Maneno hayo yalikuwa yamekatwa kwa kalamu nyekundu, na juu yake pameandikwa "Hotuba ya ufunguzi".

Niliiweka kwenye rekoda palepale. Alikuwa ofisa fulani akifungua semina. Alizungumza juu ya umuhimu wa kuwashirikisha wananchi wa kawaida katika utafiti. Nilisikiliza upande wa kwanza wote, nikageuza, nikasikiliza wa pili. Mlikuwa na maswali na majibu, na vikombe vya chai. Karani alikaa nami. Namshukuru kwa hilo.

Daktari alifika nikiwa bado pale. Nikamwambia, "Sauti ya baba yangu ilikuwa humu. Amefariki."

"Oh. Pole sana," akasema, na naamini alimaanisha. "Unajua, zile kaseti tulikuwa tumekwisha kuziondoa. Na mpya zilikuwa zimetuishia." Akafungua droo, akatoa kaseti mpya ikiwa bado kwenye nailoni yake, akaninyooshea. "Chukua hii."

Mpaka leo sijui alidhani nitaifanyia nini. Niliiacha mezani. Nilishuka ngazi, na chini pale mbele ya duka, katikati ya watu waliokuwa wakipimiwa misumari, nilipiga ukelele, mmoja tu. Mwenye duka alitoka akaniuliza kama nimeibiwa. Nikamwambia ndiyo.

Ua haukuwekwa. Chifu alitangaza kwenye baraza kwamba mpango umesimamishwa, na mbuzi wakaendelea kushuka mtoni, na bwawa la mchanga likaendelea kutoa maji. Mimi nikawa mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari ya wasichana si mbali na kwetu. Kila muhula tunatega rekoda mahali shambani, na wasichana wanaandika wanachosikia, ndege na punda na mama anayemwita mtoto, vyote. Likizo narudi Mwala. Kila nikifika mama huniuliza kama nimeshamsamehe yule mtu, kwa sababu mchungaji alihubiri juu ya hilo na anadhani mchungaji alinihubiria mimi.

Mara ya mwisho alikuwa ameketi kibarazani na ungo mapajani.

"Bado umekasirika?"

"Mwaitu, bado. Sana."

"Haya," akasema, akanisukumia ungo. "Kasirika ukichambua hizi kunde, mkono yangu imechoka."